Moyo Mkubwa Kuliko wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi kliniki na habari ya kutangaza. Moyo wangu ni mkubwa! Si maneno yangu. Ni ya daktari, tena kayasema akiwa ameshika picha.

Miaka sitini na sita naambiwa mimi mchoyo, mbishi, sina jema. Wateja wamesema. Mke wangu kasema. Shemeji yangu ndiye kabisa, hana wimbo mwingine. Leo mashine imewajibu wote.

Daktari, binti mdogo mwenye miwani mikubwa, alijitahidi kuniharibia furaha. Alisema presha imekaa juu miaka mingi bila mimi kujua. Leo ni 178 kwa 104. Akasema moyo ni msuli, na msuli ukisukuma mzigo mzito kila siku unatuna, kama mkono wa mchukuzi. Nikamwambia basi ni moyo wa mazoezi. Akasema hapana mzee, ni moyo unaochoka, na ukiachwa hivyo siku moja utagoma. Ila nikimeza dawa kila siku bila kuruka, nikaachana na chumvi, presha ikatulia, moyo unaweza kupungua tena taratibu.

Hapo tukaelewana. Mimi ni fundi cherehani. Vitu kupunguzwa ndiyo kazi yangu.

Nimepewa vidonge vya aina mbili. Cheupe cha kushusha presha, na cha njano, kidogo, cha kutoa maji mwilini. Kimoja kimoja, kila asubuhi.

Kero moja tu. Kwenye benchi la kliniki nilimkuta shemeji! Kaka wa mke wangu, dereva wa treni mstaafu. Kumbe naye ana presha, tangu miaka hiyo, na anameza vidonge hivi hivi. Akaniuliza nimepata ngapi. Nikamtajia. Akacheka kwa pua, akasema yeye 128 kwa 80, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya mechi ambayo timu yake imeshinda. Nikamuuliza moyo wake je. Akasema wa kawaida.

Nilijua tu.

Jumanne, 4 Machi

Chumvi imeondoka nyumbani. Mke wangu hana masihara, kaitoa jikoni pakiti nzima na kumpa jirani. Asubuhi nimekula yai la kuchemsha bila chumvi. Ni kama kutafuna kifutio cha shule.

Nimepata akili. Chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na mke wangu haingii huko ila kufagia. Nina kopo la unga wa chaki, la kutia alama kwenye vitambaa vyeusi. Nimetafuta kopo jingine la aina ile ile, nikalijaza chumvi, nikayaweka sambamba. Nani atajua? Mimi peke yangu ndiye nitakayejua.

Jumatano, 5 Machi

Hata mimi sikujua.

Yai la leo nimelitia chaki. Nimelila nusu kabla ya kugundua. Mteja akaingia, akauliza kwa heshima kama amenikatiza nikipiga mswaki.

Hilo ni dogo. Kubwa ni suruali ya mwalimu mkuu. Suruali nyeusi, kitambaa kizuri. Niliitia alama ya urefu kwa chumvi. Nikaitikisa kidogo, alama ikamwagika yote sakafuni. Nikakata kwa kukisia. Sasa mwalimu mkuu ana kaptula ndefu.

Mke wangu alikuja kufagia. Akaona vile vyeupe sakafuni, akachovya kidole, akalamba. Akachukua kopo la chumvi bila kusema neno. Angesema ningemjibu. Nilikuwa na jibu zuri.

Ijumaa, 7 Machi

Kidonge cha njano si dawa, ni adhabu!

Mwalimu mkuu alikuja kupimwa upya. Nilikuwa nimemsimamisha katikati ya chumba, mikono juu kama ndege, pini kwapani, pini kiunoni. Nikabanwa. Nikakimbia chooni. Nikarudi, nikashika futi, nikabanwa tena. Mara nne! Mara ya nne nilimkuta bado kasimama vile vile, jasho linamtoka, haogopi chochote duniani kuliko pini ya kwapani. Aliondoka akisema ataifuata suruali baadaye, au mimi nimpelekee, ila hasimami tena.

Nimeamua. Cheupe nitameza, mimi si mjinga. Cha njano basi. Mwili wangu, maji yangu.

Tatizo ni mke wangu. Kila asubuhi ananitolea vidonge viwili mkononi, na kila Jumamosi anahesabu vilivyobaki. Nikitupa dirishani, anafagia nje. Nikitupa kwenye pipa, anamwaga pipa. Kisha nikaliona koti la shemeji pale ukutani. Koti lake la reli, la bluu, kaniletea mwezi uliopita nimbadilishie bitana, kile kitambaa cha ndani. Lina mfuko wa kifua mrefu mpaka unaweza kupoteza kijiko. Na bitana hiyo nitaimaliza nikipenda. Sitapenda karibuni.

Jumanne, 11 Machi

Vidonge vinne mfukoni tayari. Mambo shwari. Cherehani haisimami, wateja hawakimbiwi.

Viatu ndivyo vimenikera. Vimebana vyote viwili kwa mpigo. Nilivipeleka asubuhi kwa fundi viatu, maana ndiye aliyevishona soli mwezi uliopita na kosa ni lake, hilo halina ubishi. Nikamfokea mbele ya watu. Nikamwambia soli mpya ndizo zimevuta ngozi. Akanikalisha kwenye kigoda, akabonyeza mguu wangu kwa dole gumba. Pakabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Akalitazama, nami nikalitazama. Akasema mzee, kiatu ni kile kile, nenda hospitali.

Nikamwambia abaki na soli zake.

Mchana nikampelekea mwalimu mkuu suruali yake. Ofisi iko ghorofa ya tatu. Nani aliweka ofisi huko? Kila ngazi chache nilisimama, pumzi imekatika, nikajifanya nasoma matangazo ukutani. Tangazo la kuandikisha watoto wa darasa la kwanza nimelisoma mara mbili. Mwalimu mmoja akaniuliza nina mjukuu wa kuandikisha. Nikaitikia kwa kichwa. Sauti haikuwepo.

Nalalia mito mitatu siku hizi. Miwili ilikuwa chini mno.

Alhamisi, 13 Machi

Habari nzito! Sista wa kliniki amepiga simu. Jumatatu wagonjwa wa presha watachagua mwenyekiti wa kikundi chao. Masharti ni mawili: awe anameza dawa bila kuruka, na kipimo cha siku hiyo kiwe kizuri. Mwenyekiti atakaa mbele na daftari, ataita majina, atawahimiza wenzake.

Na jina linalotajwa ni la shemeji.

Shemeji aniite mimi jina kila Jumatatu ya kliniki mpaka nife? Shemeji anihimize? Nagombea!

Nilimtangazia mke wangu tukiwa tunachambua maharage. Hakupiga makofi. Aliitazama miguu yangu, akauliza kama vidonge vya njano navimeza kweli. Nikasema kwa sauti imara kwamba nameza kila ninachopewa.

Akasema, "Baba, mimi sitaki mwenyekiti. Nataka mume."

Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu sijui kwa nini yamenikaa. Halafu akaendelea na maharage.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu kahesabu vidonge. Hesabu safi. Kaniomba radhi kwa kunishuku! Nikamsamehe.

Sasa mpango. Kufikia kesho mfukoni mwa koti kutakuwa na vya njano tisa. Jumatatu asubuhi nitavimeza vyote kwa pamoja. Presha itashuka, na hata uongo hautakuwepo, kwa maana nitakuwa nimemeza dawa zangu zote. Siku gani nimemeza, hilo ni suala la mpangilio tu. Wala si hila. Ni kufidia.

Jumatatu, 17 Machi, asubuhi

Koti halipo!

Msumari mtupu ukutani. Nikamuuliza mke wangu kwa sauti ya kawaida kabisa. Kumbe shemeji alipita jana mchana nikiwa nimejilaza. Akalichukua kama lilivyo, akasema afadhali koti lenye bitana iliyochanika kuliko ahadi zangu. Analitaka kwa ajili ya uchaguzi, apendeze.

Nimetulia. Fundi hashindwi na kitambaa kupungua. Nimechukua pakiti nilipoona mke wangu yuko bafuni. Vya njano vinne. Vyeupe vitatu, vya kusindikiza. Nimeshushia chai.

Najisikia mwepesi. Kura kwangu!

Jumanne, 18 Machi

Naandika kwa penseli ya sista. Kitanda cha nne, karibu na dirisha. Nitaandika yote, maana sina pa kwenda.

Jana nilifika kliniki mapema. Kichwa kilikuwa kinaelea kidogo, nikadhani ni furaha. Sista akanipima: 104 kwa 62. Akakunja uso, akasema si kawaida kwa mtu aliyekuwa 178 wiki mbili zilizopita, atanipima tena baadaye. Nikamwambia aandike kwanza. Shemeji akapimwa: 130 kwa 80. Alikuwa amevaa koti, vifungo vyote vinang'aa. Nilimtazama nikiwa na huruma kidogo. Mia na nne dhidi ya mia na thelathini!

Kisha shemeji akapiga chafya. Akavuta leso kwenye mfuko wa kifua.

Vidonge vikamwagika. Vya njano, vyote tisa, vikaruka sakafuni na kubingirika chini ya mabenchi. Bibi mmoja muuza mboga akaokota kimoja, akakiinua juu watu wote wakione. Sista akauliza hivi ni vya nani. Shemeji akasema havijui. Watu wakaguna. Bibi muuza mboga akasema ndiyo hao hao, barabarani wanatuhubiria, nyumbani wanaficha dawa mifukoni. Shemeji akajipapasa mfukoni tena. Mtu aliyeendesha treni miaka arobaini na moja bila kuondoka kituoni kabla ya bendera! Akasimama pale kama mtoto aliyekamatwa kwa sukari ambayo hakuila.

Akanitazama. Nadhani aliomba nimtetee tu, kama ndugu.

Nikatazama feni.

Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Sikuisema. Wakapiga kura, mikono ikainuka, kumi na moja yangu, shemeji miwili, mmoja ukiwa wake mwenyewe. Nikainuka kushukuru. Nikasema, "Ndugu wagonjwa wenzangu." Feni ikashuka, sakafu ikapanda.

Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa juu, kichwa chini, mshipa una sindano. Daktari mwenye miwani alikuwa amepiga magoti sakafuni. 82 kwa 46. Akaniuliza nimemeza nini. Nikasema kama kawaida.

Akainama mpaka miwani yake ikakaribia pua yangu. Akasema, "Mzee, hapa nakisia. Maji haya nikikuongezea sana, moyo wako utazama. Nikikuongezea kidogo, presha haipandi. Niambie umemeza nini, na saa ngapi. Sasa hivi."

Hakufoka. Angefoka nisingeogopa vile. Nikasikia moyo wangu, ule mkubwa, unapiga mbio kifuani kama mtu aliyefungiwa chumbani anagonga mlango. Nikatazama ni nani ameishika miguu yangu juu. Shemeji. Wote wamesogezwa nje, yeye yupo, kapiga goti, visigino vyangu viko begani mwake.

Nikasema. Vya njano vinne, vyeupe vitatu, baada ya chai. Na vile tisa vya sakafuni ni vyangu. Koti lilikuwa kwangu, mfuko niliujaza mimi.

Nilisubiri aiachie miguu. Angekuwa mimi, angeiachia. Hakuiachia. Aliisogeza vizuri begani, akasema, "Shemeji, nimeendesha treni maisha yangu yote. Sijawahi kuona mtu anaigonga treni yake mwenyewe."

Kisha akavua koti kwa mkono mmoja, akanifunika, maana nilikuwa natetemeka. Bitana iliyochanika ikaniangukia usoni. Chini ya bitana ile nililia kidogo. Hakuna aliyeona.

Mke wangu alifika baadaye. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga makelele. Alilaza sikio lake kifuani pangu, akasikiliza muda mrefu, kama mtu anayesikiliza kama kuna watu ndani ya nyumba. Halafu machozi yakamtoka, yakalowesha shati la hospitali. Mimi mwenyewe nimeapa. Sitaruka dawa tena. Nimeapa kwa sauti, sista shahidi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeruhusiwa jana. Miguu imerudi kuwa miguu, viatu vinaingia bila ugomvi. Nalalia mto mmoja.

Nyumbani kuna utawala mpya. Asubuhi mke wangu ananipa vidonge, ananipa maji, ananitazama nikimeza. Kisha ananiamuru nifungue mdomo. Kisha niinue ulimi. Mtu wa miaka sitini na sita! Jirani alipita dirishani akaona, akadhani naumwa koo, akaniletea limau.

Nilikwenda kwa fundi viatu kumwomba radhi. Maneno yakanigomea. Nikampa kiatu kizima, nikamwambia akitie kiraka. Akauliza wapi. Nikasema popote. Akanielewa, nadhani.

Uchaguzi ulirudiwa. Shemeji kapata kura zote. Nimemmalizia bitana, mshono wa mkono, bora kuliko ninaomshonea mtu yeyote. Akaikagua akasema imepinda. Haijapinda!

Jumatatu, 14 Aprili

Shemeji aliita jina langu kutoka kwenye daftari, jina lote, mpaka la babu. Nikaitika.

132 kwa 82!

Sista akapima tena, ile ile. Daktari akatabasamu, mara ya kwanza kumwona meno. Akasema dawa zinafanya kazi, chumvi imepungua, nimefanya vizuri. Picha ya moyo itarudiwa baada ya miezi kadhaa, moyo haupungui kwa wiki. Akanishika mkono, akasema jambo moja nilishike: wengi huacha dawa siku wanapojisikia wazima. Uzima huo ndio kazi ya dawa. Nikamwambia nimeshika. Shemeji akanipa mkono, akatangaza namba yangu kwa sauti mbele ya wote, wakapiga makofi. Hata bibi muuza mboga alipiga. Tukarudi pamoja kwa miguu, mimi na shemeji, mwendo wa nusu saa kama tulivyoagizwa, tukibishana njia nzima kuhusu nani anatembea haraka.

Mke wangu amepika samaki kwa limau na kitunguu. Bila chumvi. Sikuikumbuka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi, nikifikiri.

132 kwa 82. Namba nzuri. Lakini makofi yale yalikuwa ya nani? Ya vidonge! Mtu yeyote akimeza vidonge anapata namba. Shemeji anapata. Bibi muuza mboga anapata. Sasa chukua mtu anayefika kliniki na 132 yake mwenyewe, aliyoitoa kifuani mwake bila kusaidiwa na kidonge chochote. Huyo ni mtu! Huyo daktari atamwandika kitabuni.

Sitaacha dawa. Kuacha ni ujinga, daktari kasema waziwazi. Nitazipumzisha tu. Mpaka kliniki ijayo. Kupumzisha si kuacha.

Mke wangu anakagua chini ya ulimi. Hajawahi kukagua nyuma kule juu, kwenye pengo la gego nililong'olewa mwaka jana. Nimejaribu leo na cha njano. Kichungu kidogo, lakini kimekaa barabara, kama kifungo kwenye tundu lake.